Kalafati ya Damu

Maalim alikibandua kikombe cha plastiki kutoka mgongoni mwa ami yangu, akakiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, akatuonyesha. Damu haikumwagika. Ilikuwa imeshikana, bonge jekundu linaloelekea weusi, limelala upande mmoja wa kikombe, likitikisika kila mkono wake ulipotikisika. "Umeuona uchafu huo?" akaniuliza. "Huu ndio uliokuwa ukimsumbua mzee wako. Damu safi haiwi hivi." Ami, aliyelala kifudifudi juu ya mkeka, akashusha pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo, kuvuja kwa pakacha, wasemavyo, nafuu kwa mchukuzi. Nikaitikia kwa adabu, maana nyumbani kwa mwenyewe hubishani na mwenyewe. Kazi ile Maalim ameirithi kwa baba yake, aliyepiga chuku kwa pembe ya ng'ombe na nta, kabla ya vikombe hivi vya kunyonya hewa kwa pampu, na mgongo wa ami kweli ulipata nafuu. Ila kuhusu lile bonge namwona amemsingizia asiye na kosa. Damu isiyoweza kuwa hivyo ndiyo ya kuogopwa.

Bonge lenyewe ukiliosha linakupa habari zake. Marcello Malpighi, tabibu wa Kiitaliano aliyependa kuchungulia vitu vidogo kwa hadubini wakati hadubini yenyewe ilikuwa bado kioja cha watu wachache, alieleza mwaka 1666 jinsi alivyoosha damu iliyoganda kwa maji, tena na tena. Wekundu ukachujuka ukaenda zake. Kilichobaki kilikuwa cheupe, nyuzi zilizopishana na kuingiliana, na katika matundu yake ndimo ule wekundu ulimokuwa umenaswa. Kumbe wekundu, ambao sisi sote tukisema damu ndio tunaouona, haukuwa umefanya lolote. Ulikuwa mateka tu. Ilipita karne nyingine kabla William Hewson wa London hajaonyesha, katika miaka ya 1770, kwamba kinachoganda ni yale maji ya manjano ambamo chembe nyekundu zinaogelea, yaani plazma, na kwamba yanaganda hata chembe zenyewe zikiwa zimeondolewa. Miaka mia baadaye Olof Hammarsten wa Uppsala, Uswidi, akafaulu kuitenga protini yenyewe kutoka katika damu ya farasi. Ndiyo fibrinojeni, mzazi wa zile nyuzi nyeupe za Malpighi, ambazo huitwa fibrini.

Si nyingi. Katika lita moja ya plazma ya mtu mzima mwenye afya mna gramu 2 hadi 4, maana yake mwili mzima unatembea na kiasi ambacho ungeweza kukimimina katika kiganja kimoja na kukifumba. Molekuli yake huitwa ndefu, lakini urefu huo ni wa huko kwao: ukizipanga kichwa kwa mkia, zitahitajika takriban elfu 22 ili zifike milimita moja. Ini ndilo linaloitengeneza, na linalazimika kuitengeneza kila siku kwa sababu haikai. Baada ya siku 4 hivi nusu ya iliyokuwepo imekwisha, hata kama mwenyewe hajajikata wembe wala hajajikwaa. Nimelitafakari hilo kuliko mengine yote. Ini linatengeneza kitu, linakimwaga katika mkondo, nacho kinapita moyoni, mapafuni, kichwani, kwenye nyayo, kinarudi na kuanza upya, na sehemu kubwa yake itavunjwavunjwa na kutoweka pasipo kuifanya hata mara moja kazi iliyoumbiwa. Akiba haiozi, walisema wahenga. Hii inaoza, na mwili haujali, unaweka nyingine.

Wala Maalim hayuko peke yake katika kulidhania vibaya bonge. Madaktari wa Ulaya, enzi walipokuwa wakitoa damu kwa karibu kila maradhi, waliiacha damu ya mgonjwa wa homa katika bakuli, wakaona juu yake utando wa rangi ya maziwa uliokakamaa, ambao damu ya mzima haikuwa nao. Wakasema huo ndio ugonjwa, umetoka, na kwa kuwa umetoka mwingi, basi na uliobaki ni mwingi, leteni wembe. Leo inajulikana utando ule ulikuwa nini. Mwili unapopambana na vijidudu au uvimbe, ini huzidisha fibrinojeni, pengine mara mbili, pengine zaidi. Ikizidi, chembe nyekundu hushikana mafungu mafungu na kuzama upesi kabla damu haijaganda, na juu hubaki tabaka la plazma lisilo na wekundu, ambalo nalo likiganda huwa ule utando. Walikuwa wakitazama mwili ukijihami, wakauona ndio adui, wakaongeza kuumwaga. Kuzama huko ndiko maabara zetu zinakopima mpaka leo kwa kusimamisha damu katika mrija mwembamba kwa saa nzima, na wengi waliougua kifua kikuu au baridi yabisi wanakijua kipimo hicho kwa jina la ESR. Mgonjwa anasubiri benchini nje, damu yake inasubiri ndani.

Kusubiri ndiyo tabia yake hasa. Fibrinojeni haikosi uwezo wa kushikana. Uwezo huo inao tangu inapotoka katika ini. Imezuiwa tu. Katikati ya kila molekuli kuna vipande vidogo vya ncha vinavyosukumana na kufunika mahali pa kushikia, na maadamu vipo, molekuli hupishana kwa mamilioni bila moja kuitaka nyingine. Mshipa ukipasuka, protini kadhaa huamshana kwa mfululizo, moja ikiikata nyingine na ile iliyokatwa ikiikata ya tatu, hadi kinapatikana kimeng'enya kiitwacho thrombini. Thrombini ndiyo huja ikavikata vile vipande vya ncha. Ni vidogo mno. Uzito wake wote haufiki hata sehemu 3 kwa mia ya uzito wa molekuli nzima. Kwa upungufu huo mdogo kisichoshikana kinashikana. Ya kwanza inaidaka ya pili kiunoni, ya pili inaidaka ya tatu, uzi unarefuka, nyuzi zinalala ubavu kwa ubavu, zinatoa matawi, kisha protini nyingine, iliyopewa namba XIII, inapita ikikaza mafundo. Waliowahi kuzipima nyuzi hizi mojamoja wamekuta zinavutika zaidi ya mara mbili ya urefu wake kabla hazijakatika. Nasi tumezoea kudhani kwamba kitu huungana na vingine kwa kuongezewa kitu, gundi, mahari, cheo, hati yenye muhuri. Hapa kuna kitu kinachoungana kwa kupunguzwa, kwa kuondolewa kile kilichokuwa kikikilinda dhidi ya wenzake.

Niliwahi kukaa ufukweni Lamu nikimtazama fundi akikalafati jahazi lililopandishwa mchangani maji yalipokupwa. Anaviringa pamba kwa viganja mpaka iwe kamba laini, anailowesha mafuta, anaipachika kwenye mwanya kati ya ubao na ubao, anaisukuma kwa patasi na kuigonga kwa nyundo. Mlio wa nyundo hubadilika mwanya unapojaa. Mwanzo unakuwa mzito, baadaye unakauka, na hapo fundi anaacha. Nilimuuliza kwa nini asiendelee kidogo, kwa usalama. Akanijibu bila kunitazama: "Mbao ikiingia majini inavimba, bwana. Ukijaza kupita kiasi, kalafati yenyewe ndiyo itakayong'oa misumari." Sijapata maelezo mazuri kuliko hayo ya kazi ya fibrini. Tofauti ni moja. Fundi huja na pamba yake mkononi akajua pa kuitia. Chombo kiitwacho mwili kinasafiri na pamba yake ikiwa imeyeyuka katika maji yaleyale kinayoyabeba, na hakuna fundi. Mwanya wenyewe ndio unaoita.

Usipoziba ufa utajenga ukuta: methali hii wanaipenda wazazi, wahasibu na mawaziri, na mtu angedhani imetungwa kwa ajili ya damu. Lakini kuna namna ya kufa kwa kuziba nyufa zisizokuwepo. Boomslang ni nyoka wa mitini anayeishi sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, zikiwemo Kenya na Tanzania. Macho yake makubwa, tabia yake ya kujificha, meno yake ya sumu yako nyuma ya mdomo, na mtu asiyemchokoza hana sababu ya kuumwa naye. Sumu yake haiili fibrinojeni. Inafanya jambo la ujanja zaidi: inaziamsha zile protini za mfululizo popote inapozikuta, thrombini inazalishwa mwili mzima, nayo inakata vipande vya ncha katika mishipa isiyo na jeraha. Nyuzi ndogondogo zinafumwa kila mahali na kuyeyushwa kila mahali, ini linatengeneza na kumwaga, na katika saa chache hazina imekwisha. Hapo ndipo tundu la sindano linapoanza kuvuja, fizi zinavuja, mkojo unabadilika rangi. Mtu anatokwa damu kwa sababu damu yake ilikuwa na bidii.

Karl Patterson Schmidt aliyaandika hayo yakimpata mwenyewe. Alikuwa mtaalamu mashuhuri wa nyoka na mijusi katika jumba la makumbusho la Field, Chicago, na Septemba 1957 akaletewa nyoka mchanga kutoka bustani ya wanyama ya mji huohuo ili amtambue. Nyoka akamuuma kidole gumba. Jino lilizama kidogo tu, na nyoka mwenyewe hakuwa mkubwa, kwa hiyo Schmidt hakwenda hospitali. Alirudi nyumbani kwa treni akawa anaandika anavyojisikia: kichefuchefu, baridi, homa, damu mdomoni. Asubuhi yake akala kifungua kinywa vizuri. Mchana akafariki. Watu husimulia kisa hiki kwa kustaajabia ushujaa wa mwanasayansi aliyeshika kalamu hadi mwisho. Mimi kinachonigusa ni kile kifungua kinywa. Asubuhi ile, kwa macho ya nje, mgonjwa alikuwa anapata nafuu, na ndani yake hapakuwa tena na kitu cha kuzibia hata mchubuko.

Kwa ajili ya waliong'atwa namna hiyo, hasa mahali pasipo na maabara kubwa, kipo kipimo kisichohitaji umeme. David Warrell na wenzake walikitumia kaskazini mwa Nigeria katika miaka ya 1970, walipokuwa wakiwatibu wakulima walioumwa na nyoka wa jamii ya Echis, na tangu hapo kimeenea. Unachota mililita 2 za damu kutoka katika mshipa, unaziweka katika tyubu ya kioo iliyo kavu na safi, unaisimamisha mahali isipoguswa, unatazama saa. Dakika 20. Kisha unainamisha tyubu mara moja. Damu ikibaki mahali pake, shukuru. Ikimiminika, mgonjwa huyu hana fibrinojeni ya kutosha, na dawa ya sumu ya nyoka, kama ipo, isicheleweshwe. Muuguzi aliyewahi kukifanya usiku anajua dakika hizo zina urefu gani. Huruhusiwi kuchungulia kwa kutikisa. Huruhusiwi kuharakisha. Kuna ndugu wa mgonjwa mlangoni wanaouliza kila mara kwa nini hakuna kinachofanyika, na jibu la kweli, kwamba kinachofanyika ni kutofanya, halisemeki kwa mtu ambaye mwanawe amelala pale.

Tyubu lazima iwe ya kioo. Ya plastiki hudanganya, na hata ya kioo ikiwa imeoshwa kwa sabuni hudanganya pia, kwa sababu ni uso wa kioo unaouamsha mfululizo, kupitia protini yenye namba XII. Protini hiyo ina jina la mtu. John Hageman alikuwa mfanyakazi wa reli Marekani, na alipokuwa akipimwa kabla ya upasuaji, katika miaka ya 1950, damu yake ikakataa kuganda katika tyubu. Daktari Oscar Ratnoff wa Cleveland akamhoji: umewahi kuvuja damu isivyo kawaida? Hapana. Hata siku moja. Mtu mzima kabisa, aliyefanya kazi ya vyuma na mabehewa, na mwilini mwake haimo protini ambayo kioo kinaihitaji. Pomboo na nyangumi nao hawana, na bahari haijawaka nyekundu. Hageman alikufa mwaka 1968, baada ya kuvunjika mfupa katika ajali, na kilichomuua ni bonge la damu lililosafiri hadi mapafuni. Ambaye damu yake haikuganda kiooni, iliganda ndani. Wanaopenda mafunzo wanaweza kuchuma lao hapa. Mimi naona tu kwamba kioo na jeraha havizungumzi lugha moja, na kwamba kwa muda mrefu tulidhani tunalisikiliza jeraha kumbe tunakisikiliza chombo.

Wapo wanaozaliwa bila fibrinojeni kabisa. Ni wachache mno, yapata mmoja katika watu milioni, na hali hiyo ilielezwa na madaktari kwa mara ya kwanza mwaka 1920. Kwa wengi wao habari hufika mapema, siku kitovu kinapokatika: kinavuja, kinaendelea kuvuja, na bibi aliyekwisha kuwaona wajukuu wengi anajua kwamba hiki si kitovu cha kawaida. Kwetu kitovu ndipo mtu anapoanza kuwa wa mahali. Kikikatika kinazikwa, penye desturi hiyo, na mti juu yake ukipandwa unakuwa wa mtoto. Na mtu mzima akiulizwa kwao ni wapi, pengine haulizwi anapoishi bali kitovu chake kilipozikwa. Nafikiria jinsi mahali hapo pa kwanza, ambapo mtu anatengwa na mama na kukabidhiwa ardhi, panavyofungwa na uzi huu usioonekana. Na huo si mwanzo wa kazi yake. Wanawake waliozaliwa bila fibrinojeni hushika mimba vizuri kama wengine, lakini mimba hutoka mapema, kwa kawaida kati ya wiki ya 5 na ya 8, isipokuwa wakiongezewa protini hiyo kwa dripu tangu mwanzo na kwa muda wote. Maana yake ni kwamba kabla hatujawa na kitovu, kabla mtu yeyote hajajua kwamba tupo, kila mmoja wetu alishikizwa kwenye ukuta wa tumbo la uzazi kwa msaada wa nyuzi za mama yake. Ajabu nyingine ni kwamba watu hao wasio na fibrinojeni wanaweza kukaa miezi mingi bila kuvuja popote. Chembe sahani za damu hushikana zenyewe kwa zenyewe, mishipa hujikaza, siku zinapita. Mwili una njia za panya nyingi kuliko vitabu.

Mama mjamzito naye anaweka akiba kubwa. Miezi inavyokwenda fibrinojeni yake inapanda, hadi kufikia gramu 4 au hata 6 kwa lita mwishoni, kwa ajili ya siku moja inayojulikana itakuja. Siku hiyo kondo la nyuma litabanduka mahali ambapo zaidi ya nusu lita ya damu ilikuwa ikipita kila dakika. Kwanza nyumba ya uzazi inajikaza na kuibana mishipa. Kisha nyuzi zinakuja kumalizia. Mambo yakienda mrama, fibrinojeni ndiyo ya kwanza kati ya protini za kugandisha kushuka hadi kiwango cha hatari, kabla nyingine hazijatetereka. Mkunga mzoefu hahitaji kuambiwa hivyo kwa namba. Anatazama damu iliyo katika beseni: ina mabonge au haina? Mama asiyejua mambo hayo hushtuka akiyaona mabonge. Mkunga hushtuka asipoyaona. Maji yakimwagika hayazoleki, na damu inayotoka nyembamba, inayong'aa, isiyosimama, ndiyo maji hayo.

Nchini Japani, baada ya vita vikuu vya pili, Utako Okamoto na mumewe Shosuke walikuwa wakitafuta dawa ya kuwaokoa akina mama wanaokufa kwa kuvuja damu baada ya kuzaa. Walianzia kwenye damu kwa sababu damu ilipatikana bila gharama. Wakipungukiwa, walitumia yao wenyewe. Utako alimbeba mwanawe mgongoni akifanya kazi maabara, picha ambayo kwetu haihitaji maelezo. Mwaka 1962 wakaitangaza asidi ya traneksamiki. Dawa hii haigandishi damu. Inachofanya ni kuulinda uzi uliokwisha kufumwa usiyeyushwe mapema. Ilichukua zaidi ya nusu karne kwa dunia kuijaribu kikamilifu kwa kazi ile hasa waliyoikusudia: wanawake 20,060 katika nchi 21, Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo zikiwemo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Ikitolewa ndani ya saa 3, vifo vinavyotokana na kuvuja damu hupungua kwa karibu theluthi moja. Okamoto alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Nusu karne, wakati dawa ipo, bei yake si kubwa, na wanaofariki wanajulikana ni nani. Sina subira na sababu zinazotolewa kuhusu ucheleweshaji huo. Wagonjwa wa moyo, na wanaume wanaopasuliwa, walijaribiwa mambo yao mapema zaidi.

Uzi huyeyushwa na nini? Huyeyushwa na kitu kilichofumwa ndani yake. Bonge linapoundwa, pamoja na chembe nyekundu zinazonaswa hunaswa pia protini iitwayo plazminojeni, inayopenda kujishikiza kwenye fibrini yenyewe, na hiyo ndiyo ikiamshwa hugeuka plazmini, mkasi wa kuikata fibrini vipande vipande. Yaani kazi inapoanza, mwenye kuivunja amekwisha kukaribishwa ndani na kupewa mahali pa kukaa. Asipotimiza zamu yake, bonge lililookoa maisha wiki iliyopita linakuwa kiharusi wiki hii, au mguu uliovimba, au pumzi iliyokatika ghafla kwa mtu aliyekuwa akizungumza. Vile vipande vilivyokatwa huelea katika damu, na madaktari huvipima wakitaka kujua kama mahali fulani bonge linafumwa na kufumuliwa. Na hata kwa mtu asiye na ugonjwa wowote havikosekani kabisa, vichache daima vipo. Kumbe muda wote tunapasuka na kuzibwa mahali tusipopajua, tukiwa tunakunywa chai.

Hapo ndipo ninapoukumbuka udugu wa kuchanjiana. Katika njia za misafara, kutoka Mrima kuingia bara, watu wawili wasio wa ukoo mmoja, mfanyabiashara na mtemi, mgeni na mwenyeji, walikaa wakaelekeana, kila mmoja akachanjwa, na kipande cha nyama iliyochomwa, mara nyingi ini, kikapakwa damu ya huyu kikaliwa na yule. Waliochagua ini hawakuwa na habari za Hammarsten wala za gramu kwa lita, na sitaki kudai kwamba walijua kilichogunduliwa baadaye. Mtindo huo wa kuwapa wazee wetu sifa za maabara naona unawavunjia heshima. Lakini inanifurahisha kwamba kiungo walichokiona kinafaa kuwafunga watu ndicho kiungo kinachotengeneza uzi. Chale zile zilitoa damu kidogo tu. Zikaganda kabla nyama haijamalizwa kuliwa. Kwa siku chache nyuzi zote zikawa zimekatwakatwa na plazmini na kusombwa, nafasi yake ikachukuliwa na nyama mpya, na kovu lililobaki kifuani, ambalo mtu angelionyesha miaka 30 baadaye kama ushahidi, halikuwa na hata uzi mmoja wa ile fibrini. Damu nzito kuliko maji, sawa. Lakini waliochanjiana hawakuutegemea uzito wake. Ndiyo maana palikuwa na mtu wa tatu, amesimama juu yao na kisu au upanga, akiwatajia moja baada ya nyingine laana zitakazomshukia atakayeuvunja udugu huo, kwa sauti ambayo kila aliyehudhuria aliisikia.